Mildred Hakurudi Kundini

Asubuhi ile Elisante alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Mifuko yote miwili ilikuwa ya nailoni, yote imeandikwa Kichina, na yeye hata Kiswahili alikisoma kwa kidole. Mkewe alionja, akakiweka kikombe chini, akamtazama.

“Baba Careen, unataka kunikausha kama ng’onda?”

“Mifuko inafanana.”

“Hata watu wanafanana. Unaonja kwanza.”

Akaimwaga, akachemsha nyingine, akatia tangawizi. Walikunywa wamekaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilijaa sampuli. Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na nane, mjini Guangzhou, chumba cha kupanga ghorofa ya sita. Mildred alikuwa na miaka hamsini na minne. Elisante alikuwa anaikimbilia sabini. Walikuwa na duka Moshi, na hii ilikuwa safari yao ya tatu China kufuata mzigo.

Mildred alijivika shingoni tepu ya fundi cherehani. Alikuwa anakwenda Shahe, kwenye masoko ya nguo za jumla, kununua sidiria. Wenzake walinunua suruali na fulana kwa marobota bila kuyafungua. Yeye alinunua sidiria, na alizikagua moja moja. Akikuta waya unachoma, alimrudishia mwenye duka. “Meiyou,” alimwambia, neno lao la hakuna, haipo. Kisha akamalizia kwa Kiswahili: “Titi si mfungwa.” Wachina walicheka bila kuelewa, au pengine walielewa.

Elisante alikuwa anakwenda bandarini Huangpu kuona kontena lao likifungwa. Mlangoni Mildred alimweka kola sawa.

“Rudi na vitunguu.”

“Vingapi?”

“Mzee, vitunguu vya kula vinahesabiwa?”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Saa nne, kwenye ngazi za soko, mfuko ukiwa begani, mshipa ulipasuka kichwani mwa Mildred. Benedicta, mfanyabiashara wa Bukoba aliyezoea kutembea naye, alikuwa ngazi mbili nyuma yake, akamdaka. Elisante aliwakuta hospitalini mchana, mkononi ana vitunguu. Siku mbili Mildred alilala amefumba macho. Siku ya tatu, adhuhuri, akakata pumzi.

Watanzania wa Guangzhou hawakuwa wengi wakati huo, ila msiba huwafanya watu waonekane wengi. Walikuja na mchele, wakaja na sufuria, wakaja na nambari za simu za watu wanaojua watu. Maiti ingesafiri Jumamosi. Alhamisi mchana, wengine walipotawanyika, wakabaki wanne chumbani: Elisante, Benedicta, mzee Jeremiah na Dainess.

Jeremiah aliuza pasi na redio. Nyumbani alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na hapa ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili sebuleni kwa Benedicta. Dainess alikuwa mwanamke wa Dodoma, mwaka wake wa sita wa kusomea udaktari, anayeongea Kichina mpaka wauza mboga wanageuka. Yeye ndiye aliyeshika kalamu, maana kazi iliyowakusanya ilikuwa wasifu wa marehemu.

Mtu hazikwi bila wasifu. Kabla ya jeneza kufunikwa husimama mmoja akasoma: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua nini. Wasifu wa Mildred ungesomwa Ijumaa pale Guangzhou, kisha karatasi ile ile ingepanda ndege hadi Machame, kwa kina Elisante, na kusomwa tena kaburini.

“Alizaliwa mwaka arobaini na nne, Usambara,” Dainess alisoma alichoandika. “Akasomea uuguzi wa awali katika hospitali ya misheni. Mwaka sitini na tano wamisheni wakampeleka Uswidi kuendelea. Haya. Halafu?”

Benedicta alikunja khanga iliyokwisha kukunjwa.

“Andika alikuwa masomoni hadi mwaka sitini na tisa,” alisema Jeremiah.

Dainess hakuandika. Alimtazama Elisante. Kati ya wale wanne hakuna asiyejua kilichokuwa Uswidi, na wote walijua kwa sababu ya kosa la Elisante mwenyewe.

Kosa lilikuwa hivi. Mwezi wa nane alikuwa barabara ya Yide, kwenye maduka ya vifaa vya shule, na akilini ana jambo moja tu: mzigo wao wa kwanza wa safari hii ulikuwa umekwama Huangpu na wakala hashiki simu. Chini ya ngazi akasimama kijana wa Kichina, akamwinamia. “Huang,” alinong’ona. “Laoban, huang, huang.” Laoban ni bosi, hilo Elisante alilijua, kila mteja ni laoban. Na huang akajua ni Huangpu. Mungu si Athumani, alisema moyoni, huyu ni mtu wa bandarini. Akamfuata.

Walipita nyuma ya maboksi ya wanasesere, wakainua pazia. Kijana akafungua katoni. Ndani mlikuwa na sidii za sinema, na kwenye kila jalada mwanamke hana nguo.

“Huangpu,” Elisante alimwambia. Akafanya meli kwa mikono, akafanya mawimbi. “Mzigo. Kontena.”

Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye Dainess ndiye aliyeeleza kwamba huang kwa Kichina ni rangi ya njano, kwamba sinema za uchi wao huziita za njano, na kwamba bandari nayo imeanza na neno hilo hilo. Wakati ule Elisante hakujua. Aligeuka aondoke, na katika kugeuka akaona mwanya.

Ulikuwa mwanya wa meno ya mbele, mpana, kwenye jalada la chini. Msichana mweusi alikuwa anatazama nyuma kupitia bega lake, anacheka. Nywele fupi. Maandishi ya Kichina yalimfunika kuanzia kifuani kwenda chini. Elisante alikuwa ameutazama mwanya ule miaka ishirini na saba, asubuhi na jioni. Akanunua, akaitia ndani ya shati, akatembea hadi nyumbani na jua lile, plastiki imemgandia tumboni.

Habari yenyewe hakuwa mgeni nayo. Mwaka sabini na moja Mildred alikuja sokoni Moshi kutafuta kazi, naye Elisante alikuwa akiuza mitumba. Siku ya tatu, kabla hajaposwa, kabla hata hajaulizwa kwao wapi, alimwambia.

“Kuna sinema niliyocheza Ulaya. Niko uchi humo. Sitaki uje kuambiwa na watu.”

“Ulikuwa na njaa?”

“Hapana.”

“Ulilazimishwa?”

“Hapana.”

Elisante alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi. “Basi kaa,” alimwambia. “Chai inapoa.”

Mengine aliyapata kidogo kidogo, kwa miaka, kama mtu anayelipwa kwa senti. Kwamba Mildred alikuwa mwanafunzi wa uuguzi na Jumamosi aliosha vyombo katika mkahawa. Kwamba mtengeneza sinema mmoja aliyekula pale alimwambia anatafuta msichana mweusi. Miaka ile Ulaya ilikuwa inachemka. Vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeingia, wasichana wanaandamana, wachungaji wanaandika magazetini, na sinema za namna hiyo watu walizipangia foleni kwenye theluji. Mildred alipewa karatasi za mchezo akazisoma mara mbili, kamusi mkononi. Msichana alikuwa dirishani. Msichana anavua nguo. Mwanamume anaingia. Msichana hana jina, na tangu mwanzo hadi mwisho hasemi neno.

“Huyu ni bubu?” aliuliza.

Bwana akasema hapana.

“Mbona hasemi?”

Akaambiwa hahitaji kusema. Mildred akamrudishia karatasi zake, akarudi kwenye vyombo.

Jumamosi iliyofuata bwana yule alikuja na mkewe, aliyekuwa akikatakata na kuunga filamu zake. Mke ndiye aliyeuliza: unataka aseme nini? Mildred akakausha mikono. Kwanza, alisema, ataje jina lake. Mlango aufungue yeye, asifunguliwe. Na wakimaliza, aseme kama amependa au hakupenda. Bwana alicheka. Mkewe hakucheka. Alichukua kalamu ya mumewe mfukoni, akaandika pale pale juu ya meza yenye mabaki ya supu.

Hivyo ndivyo Mildred alivyocheza. Sinema ilipotoka, alipata barua. Wanaume waliandika walichoandika, akazichoma. Lakini wanawake nao waliandika. Mmoja, mama wa watoto wanne, mke wa mvuvi wa kaskazini kule, aliandika kwamba miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kujua kwamba mwanamke anaweza kuulizwa. Barua hiyo Mildred aliitunza ndani ya Biblia.

Picha ya tangazo ikaonwa na mmisheni aliyekuwa likizo. Barua yake ilifika Usambara kabla ya Mildred. Aliporudi mwaka sitini na tisa, cheti cha uuguzi mkononi, hakukuwa na kazi. Kanisani wazee walimwita wakampa masharti: asimame mbele ya usharika, atubu, arudi kundini. Alikataa. Wakamtenga. Alipoolewa, cheti chake cha kanisa kilimfuata hadi Machame kimeandikwa hivyo hivyo, ametengwa. Kwa hiyo walifunga ndoa bomani, na kwa kufunga ndoa bomani Elisante naye akatengwa.

Sasa hapa ndipo pana mwiba.

Mwaka sabini na sita mama yake Elisante alikuwa kitandani, hajiwezi, na ombi lake lilikuwa moja: amwone mwanawe Mezani pa Bwana kabla hajafa. Mchungaji wa wakati ule alilegeza. Mume peke yake aje, alisema, mke atafuata akiwa tayari. Elisante akasimama mbele ya watu Jumapili, kofia mkononi. Dakika tano hazikwisha. Akatubu. Na alitubu nini? Alitubu kumwoa Mildred.

Mildred alikuwa benchi la nyuma, Careen mgongoni. Wimbo ulipoanza aliimba na wenzake. Nyumbani alipika ndizi, akampakulia, akampa nyama iliyo nzuri. Hakusema neno siku ile wala baada yake. Angesema, ingekuwa nafuu.

Basi mwezi wa nane, Guangzhou, Elisante aliitoa sidii ndani ya shati akaiweka kitandani. Mildred alivaa miwani. Akaitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

“Kumbe nilifika China kabla yako,” alisema.

Waliazima deki ya Dainess. Dainess alikuja akaunganisha waya kwenye televisheni ya mwenye nyumba, akaona aondoke, akaaga.

“Unakwenda wapi?” Mildred alimwambia. “Wewe si daktari? Kaa.”

Wakakaa watatu kitandani, saa nane mchana, pazia limeshushwa. Elisante alikuwa ameogopa sinema ile miaka ishirini na saba. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kichwani, na ya kichwani ilikuwa mbaya kuliko hii. Hii ilikuwa imechakaa, watu weupe waliongea sana juu ya mambo yao, wakavuta sigara, wakatembea kwenye mvua. Nusu saa ikapita. Ndipo msichana akatokea dirishani. Kijana wa Kizungu alikuwa nje ya mlango. Hakuufungua. Msichana alikuja akaufungua yeye, taratibu, akasema kitu.

“Nasema jina langu,” Mildred alitafsiri. “Nasema naitwa Agripina.”

“Kwa nini Agripina?” aliuliza Dainess.

“Tulikuwa naye mwaka wa kwanza wa uuguzi. Alipata mimba akafukuzwa. Aliyempa mimba alikuwa dereva wa hospitali hiyo hiyo. Yeye alibaki na gari lake. Nikasema basi, Agripina na aingie Ulaya.”

Yaliyofuata Elisante aliyatazama kwa jicho moja. Kijana yule alikuwa amekonda kama mchicha wa kiangazi.

“Huyu mtu kwao hawavui viatu wakipanda kitandani?” aliuliza.

“Nyamaza, Mzee.”

“Nauliza tu. Shuka ni jeupe.”

Dainess alificha uso kwenye mto, mabega yanatikisika. Halafu pakawa kimya ndani ya sinema. Msichana alikuwa amekaa, shuka limemfunika magoti, anatazama moja kwa moja kwenye kamera kama mtu anayekutazama wewe. Hakuwa na haya na hakuwa mkali. Akasema maneno machache, akacheka, mwanya ukaonekana.

“Nasema: leo nimependa. Kesho uniulize tena.”

Maneno hayo Elisante aliyajua. Kwa miaka ishirini na saba Mildred alikuwa akimwambia hivyo hivyo, gizani, kwa Kiswahili, naye alidhani ni tabia ya Wasambaa.

Siri hiyo isingefika kwa Jeremiah wala Benedicta kama Mildred angetaka iwe siri. Hakutaka. Benedicta alisimuliwa na Mildred mwenyewe, sokoni, huku wakipima sidiria. Na Jeremiah aliambiwa siku alipokuja kumkumbusha kwamba ibada ya mwezi wa tisa ingekuwa na Meza ya Bwana. “Mimi nimetengwa, mzee mwenzangu,” alimwambia. “Sababu hii hapa.” Akamwonyesha jalada. Jeremiah alitazama dari kwa muda mrefu.

Jeremiah hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia malaria iliyotoka naye nyumbani ilimwangusha huku, na Mildred ndiye aliyemkalia siku tano, akimpima joto, akimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Hilo lilikuwa linamsumbua sasa. Alikuwa ameinamisha kichwa, viwiko magotini.

“Mzee Elisante,” alisema, “nimezungumza na mchungaji wa kwenu kwa simu. Si mtu wa makuu. Lakini taratibu ni taratibu. Aliyetengwa hapigiwi kengele. Kwaya haiimbi. Yeye mwenyewe hatafika kaburini.”

“Najua.”

“Ila ameniuliza jambo. Ameniuliza kama marehemu huku hakuwahi kuonyesha kurudi. Mimi ni mzee wa kanisa. Naweza kuandika kwamba mwezi wa tisa, mbele ya ushirika wetu huu, alitubu. Nitatia saini. Dainess anaingiza mstari mmoja kwenye wasifu. Mama anazikwa kama mama.”

“Hakutubu,” alisema Dainess.

“Mwanangu, najua hakutubu. Nani atakayeulizwa?”

Elisante alimtazama Benedicta. Alitegemea yeye atabisha, maana Benedicta hubishana hata na mvua. Lakini Benedicta alikuwa analia bila sauti.

“Baba, kubali,” alisema. “Careen amenipigia asubuhi. Anasema kwaya ya akina mama imekwisha kufanya mazoezi. Wanamtaka. Nusu yao wamevaa sidiria alizowachagulia. Watamwimbiaje dada yangu wakiwa nje ya uzio?”

Basi ikawa juu yake. Mstari mmoja. Upande huu kengele, kwaya, mchungaji na kanzu yake, mabinti zake wawili wakitembea nyuma ya jeneza mbele za watu bila kuinamisha macho. Upande ule majirani wenye majembe, na minong’ono. Elisante aliwaza jinsi alivyochoka. Aliwaza kwamba wafu hawasomi. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka aseme andikeni, na angesema, ila akamwona Mildred kwenye benchi la nyuma, mtoto mgongoni, anaimba.

“Hapana,” alisema.

“Mzee...”

“Nilimtubia mara moja. Mwaka sabini na sita. Alikuwa hai, alinisikia, akaenda kunipikia. Mara ya pili simtubii.”

“Mchungaji hatakuja.”

“Majembe tunayo.”

Jeremiah alivua miwani akaifuta na ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Hakukasirika. “Basi jina langu lisiwemo humo,” alisema polepole. “Nitambeba. Nitabeba jeneza kwa mikono yangu, hapa na uwanja wa ndege. Lakini jina langu lisiwemo.”

“Halimo.”

Dainess alikuwa amesubiri. “Niendelee, baba? Mwaka sitini na saba.”

“Andika alicheza sinema.”

“Sinema ya namna gani? Nikiandika sinema tu watadhani za dini.”

Elisante alifikiri. “Andika ya mambo ya watu wazima. Andika alikuwa uchi. Wasije wakasema tumeficha.”

“Uchi,” alisema Jeremiah. “Kwenye wasifu. Mbele ya watoto.”

“Watoto wote walizaliwa uchi, mzee,” alisema Benedicta, akijifuta pua na khanga. “Labda wewe peke yako ulitoka na tai.”

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mtu kucheka ndani ya chumba kile. Hata Jeremiah kicheko kilimponyoka. Kisha Benedicta akasema kwamba kama ni hivyo, basi iwe hivyo, na kwamba kesho atausoma yeye, kwa sauti, na anayetaka kutoka nje mlango haujafungwa.

Dainess akaandika. Aliandika habari za karatasi za mchezo na mambo matatu aliyoyataka Mildred. Aliandika jina la Agripina. Aliandika barua ya mke wa mvuvi, na Elisante akamletea Biblia wahakikishe idadi ya watoto, ingawa barua yenyewe ilikuwa Kiswidi na hakuna aliyeweza kuisoma. Aliandika mitumba, duka, mabinti wawili, na wasichana wa sokoni Moshi waliokuja kumwuliza Mildred nyuma ya pazia la kujaribia nguo mambo ambayo hawakuweza kumwuliza mama wala mchungaji, na kwamba aliwajibu wote, akiyaita mambo kwa majina yake. Kurasa zikawa mbili. Chai iliyoletwa na watu wa msiba ilipoa.

“Limebaki la kanisa,” alisema Dainess. “Watu watauliza kwa nini miaka yote hiyo hakurudi. Tusiposema sisi, watasema wao.”

Jeremiah aliinua kichwa. Naye alitaka kujua.

“Hilo nilimwuliza,” alisema Elisante. “Siku ile ya sidii, ulipokwisha kuondoka na deki yako. Nilimwuliza, mke wangu, mimi nilisimama dakika tano tu zikaisha. Wewe ilikushinda nini?”

“Akasemaje?”

“Andika kama alivyosema. Usitengeneze.”

Dainess akafungua ukurasa mpya. Elisante alingoja mpaka kalamu ikagusa karatasi, kisha akayasema taratibu, akisimama kila baada ya maneno machache ili lisipotee hata moja.

“Nilimwambia mchungaji, nitajie yule msichana wa kwenye sinema alimkosea nani, nami nitasimama mbele ya watu wote nimwombe radhi mtu huyo kwa jina lake. Akasema atanijibu Jumapili. Ndiyo maana mpaka leo naenda kila Jumapili.”